Waya wa Kijani

Taa ya mbele ilikuwa ikiwaka kama kijinga kilichosahauliwa jikoni: rangi ya chungwa, nuru isiyovuka hata gurudumu. Fundi akavuta mafuta. Injini ikapaza sauti, taa ikajikaza kidogo, kisha ikarudi palepale. Akabonyeza honi, honi ikakohoa. Pikipiki yenyewe, Honda CG125 ya mwishoni mwa miaka ya 1970, iling'aa kuliko zote zilizoegeshwa chini ya mwembe pale Mikindani. Tangi jekundu, fremu nyeusi, rangi mpya ambayo harufu yake ilikuwa haijaisha.

"Mzee wangu, hii umeipaka rangi lini?"

"Mwezi wa pili huu. Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya umeme, mwanangu, siyo rangi."

Fundi hakujibu. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya injini, anaangalia bolti zinazoishikilia.

Mzee huyo, bwana shamba mstaafu aliyetoka Mtwara mjini, kilomita kama 10 tu za lami, alikuwa ameshatumia fedha nyingi. Betri ya volti 6 ilikuwa mpya, na betri za volti 6 siku hizi hutafutwa kama dawa. Rektifaya ilikuwa mpya. Koili ya magneto ilikuwa imesukwa upya. Kila kifaa kinachozalisha umeme, kinachougeuza au kinachoutunza kilikuwa kimeguswa. Hakuna aliyegusa kitu kisicho na umbo la kifaa, kisichouzwa dukani wala kupakiwa kwenye boksi: njia ambayo umeme hurudia.

Labda namna tunavyousema umeme inachangia kosa hili. Umeme "umekuja", umeme "umekatika", umeme "umefika" kijijini. Lugha inaupa sura ya mgeni, au ya maji ya bomba: unatoka kwenye chanzo, unafika kwenye balbu, safari imekwisha. Ukweli ni kwamba mkondo unaoingia kwenye balbu unatoka upande wa pili ukiwa kiasi kilekile, bila kupungua hata chembe, na ni lazima ufike tena ulikoanzia. Kinachoachwa kwenye balbu ni joto na nuru. Njia ya kurudi ikifungwa, ya kwenda nayo imefungwa papo hapo.

Waliokua wakati wa baiskeli za Swala na Phoenix wamewahi kuliona jambo hili kwa macho, hata kama hawakulipa jina. Dainamo ndogo yenye umbo la chupa, iliyozungushwa na tairi, ilitoa volti 6 na wati 3, na kutoka kwake ulikwenda waya mmoja tu mpaka kwenye taa. Wa pili uko wapi? Kwenye kibano cha dainamo palikuwa na skrubu ndogo yenye ncha kali kama mwiba. Kazi yake haikuwa kushika dainamo, kwa kuwa kibano kilishashika. Ilikuwa kutoboa rangi ya uma mpaka ikutane na chuma kitupu. Mwenye baiskeli aliyeionea huruma rangi yake, akailegeza skrubu ile, alitembea gizani. Baiskeli nzima, kuanzia uma hadi usukani, ndiyo iliyokuwa waya wa pili.

Mafundi wengi huuita upande huo "ethi", yaani ardhi, na neno hilo lina asili yake. Mwaka 1838, Carl August von Steinheil, mwanafizikia wa Munich, alikuwa akifanya majaribio ya telegrafu akagundua kwamba hahitaji waya wa kurudishia. Ukizika bamba la chuma ardhini kila upande, udongo wenyewe unaubeba mkondo. Tangu hapo ardhi ikaingia katika msamiati wa umeme, na jina likabaki hata pale ambapo udongo haupo tena. Pikipiki hukimbia juu ya tairi mbili za mpira. Ardhi yake inaibeba yenyewe: fremu, injini, uma, bakuli la taa. Wako mafundi wanaosema "bodi" badala ya ethi, na huenda wao ndio walio karibu zaidi na ukweli.

Tofauti hiyo ya ardhi mbili inaonekana vizuri sana Mikindani. Hapa ghuba imejikunja karibu ifunge mdomo, maji yametulia, na chumvi iko kila mahali: hewani, kwenye bati, kwenye kuta za matumbawe na chokaa za nyumba kongwe zinazobanduka chini ya boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895. Fundi anayefunga umeme wa nyumba karibu na ufuko anachimbia fimbo ya shaba na anapata ethi nzuri bila taabu, kwa sababu udongo wenye unyevu na chumvi hupitisha umeme vyema. Mwenzake aliye juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, kwenye mchanga mkavu wa kiangazi, anahangaika kupata ethi ya namna hiyo. Lakini ukitoka kwenye ardhi ya udongo ukaja kwenye ardhi ya chuma, mambo yanageuka. Chumvi ileile inakaa kati ya kipete cha shaba na injini ya alumini, inavuta unyevu, na metali hizo mbili zinaanza kulana. Alumini ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe kama chokaa ya kutafunia tambuu, na unga ule haupitishi umeme. Ukiangalia kwa juu, bolti imekazwa vizuri kabisa.

Katika Honda ya mzee, safari ya mkondo ilikuwa hivi. Gurudumu zito lenye sumaku huizunguka koili, na kila sumaku inapopita, koili hutoa mkondo unaokwenda na kurudi, maelfu ya mara kwa dakika. Betri haiwezi kulishwa kwa namna hiyo, kwa hiyo rektifaya inafanya kazi ya vali ya tyubu: inaruhusu upande mmoja na kuzuia mwingine. Nusu ya wimbi inafika kwenye chanya ya betri, inatoka kwenye hasi, inafuata waya mfupi hadi kwenye fremu. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Ncha ya pili ya koili haina waya unaoifuata betri. Imefungwa kwa skrubu kwenye bamba la magneto. Bamba limefungwa kwenye injini. Injini imefungwa kwenye fremu kwa bolti. Mkondo ukitaka kurudi kwenye koili, lazima uvuke kutoka kwenye fremu kuingia kwenye injini, na daraja ni zile bolti. Taa ya mbele, ambayo katika pikipiki hii hulishwa na magneto moja kwa moja bila kupitia betri, inarudi kwa daraja hilohilo.

Sasa paka rangi juu ya daraja.

Aliyeipaka fremu ile alifanya kazi safi, na usafi wake ndio ulioleta balaa. Alipaka masikio yanayoshika injini, akapaka ndani ya matundu ya bolti, akapaka mahali kinapokaa kipete cha waya wa hasi, kisha kila kitu kikafungwa juu ya rangi. Cheche ya plagi, yenye maelfu ya volti, haikujali, iliruka. Ndiyo maana injini iliwaka kwa kiki ya kwanza na kumfanya mwenyewe aamini kwamba kasoro iko kwingine. Volti 6 haziruki kitu.

Balbu ya wati 24 kwenye volti 6 huvuta ampea 4. Ikikutana na ukinzani wa robo ya ohm njiani, kitu ambacho ukungu wa rangi na nyuzi mbili tatu za bolti zinatosha kukileta, karibu volti 1 nzima inapotelea hapo. Kwa pikipiki ya volti 12 hasara ya volti 1 inakula kama robo ya nuru. Kwa volti 6 inakula karibu nusu, kwa sababu nuru ya uzi wa balbu hushuka haraka kuliko volti zenyewe. Betri nayo ina hesabu yake. Ya volti 6 iliyojaa hupumzika kwenye 6.3 hivi, na inahitaji kama volti 7 ndipo ikubali kuchajiwa sawasawa. Nafasi iliyopo kati ya namba hizo mbili ni finyu kiasi kwamba kiungo kimoja kibovu kinaimeza yote. Betri ya kwanza ikafa, mzee akailaumu betri, akanunua nyingine.

Betri hiyo nyingine ilikuwa imelala dukani usiku kucha ikichajiwa kwa umeme wa TANESCO, na umeme wa Mtwara kwa miaka mingi umetokana na gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, na miaka miwili kabla ya hapo, Januari na Mei 2013, Mtwara ilikuwa imeshaingia mitaani ikiuliza kitakachobaki kusini, na watu walipoteza maisha. Mwandishi hawezi kukaa Mikindani akitafakari njia za kurudi bila kulikumbuka swali lile. Watu wa huku wameona mengi yakiondoka kwa bandari, kwa reli ya karanga iliyong'olewa miaka ya 1960, kwa bomba. Wanajua kuuliza.

Honda CG125 inastahili maneno yake. Iliingia sokoni mwaka 1976, ikiwa imekusudiwa nchi ambazo pikipiki hubeba mzigo kila siku na fundi haonekani mara kwa mara. Wahandisi wake waliacha mnyororo wa kuzungusha kamshafti juu ya injini wakarudi kwenye fimbo za kusukuma vali, mtindo wa kizamani usiodai marekebisho ya mara kwa mara. Mnyororo wa gurudumu la nyuma wakaufunika wote kwa bati ili mchanga usiingie. Walitengeneza chombo kinachovumilia kusahauliwa, na huo ni upendo wa aina yake kwa mtu ambaye hutamwona kamwe. Baadaye viwanda vya China viliinakili injini hiyo, na nakala zake ndizo zilizoenea Afrika Mashariki kwa majina kama SanLG na Fekon. Vijana wengi wanaosubiri abiria kwenye barabara ya Lindi wamekalia wajukuu wa Honda ya mzee.

Wajukuu hao walirithi pia rangi za nyaya. Kijani ni ethi. Nyekundu ni chanya ya betri. Nyeusi ni umeme uliopita kwenye swichi. Nyeupe na njano zinatoka kwenye magneto. Fundi yule wa Mikindani alizaliwa miaka mingi baada ya pikipiki ile kutoka kiwandani, hakuwa na kitabu chake, wala hakukihitaji. Alipofuta vumbi kwenye shada la nyaya, alikuta mwandiko anaousoma kila siku.

Mwandiko huo hausomeki hivyo katika kila pikipiki, na hapo ndipo wengi huumia. Kwenye Yamaha nyeusi ndiyo ethi. Mtu aliyezoea Yamaha akiufunga waya mweusi wa Honda kwenye fremu, amepiga shoti mara swichi inapowashwa, na kama mahali pa fyuzi pamewekwa kipande cha waya, shada zima linaungua kabla hajanusa moshi. Triumph za Kiingereza za miaka ya 1960, zenye vifaa vya umeme vya Lucas, zinapindua kila kitu: chanya ndiyo iliyofungwa kwenye fremu, na waya mwekundu ndio wa ethi. Ukifunga betri kwa mazoea, diodi zinakufa kimya. Anayefufua pikipiki ya zamani hana budi kuanza kwa kuuliza: upande upi ndio ardhi ya hii?

Kwa wenye bodaboda za volti 12, ethi ina kazi ya ziada. Regyuleta yao hupunguza umeme uliozidi kwa kuumwaga kwenye ethi. Waya wa kijani wa regyuleta ukilegea, hapana pa kumwagia. Volti zinapanda kila injini inapolia, balbu zinaungua, betri inachemka. Dereva ananunua balbu kila wiki na kusema za siku hizi ni mbovu. Katika pikipiki kubwa zenye starta, ethi ya injini ikipotea, mkondo hutafuta njia yoyote iliyobaki, na waya wa klachi umewahi kupata moto hadi ukachoma ala yake, kwa kuwa ndio uliobaki ukiunganisha injini na usukani.

Chini ya mwembe, fundi alitoa kipimo chake: balbu ya indiketa ya volti 6 iliyotiwa risasi nyaya mbili. Waya mmoja akaubana kwenye chanya ya betri. Mwingine akaugusisha kwenye hasi, na balbu ikawaka nyeupe. "Betri yako nzima, mzee." Kisha akakwangua doa dogo kwenye fremu, chini ya kiti pasipoonekana, akaugusisha waya uleule hapo. Balbu ikawa njano. Akaupeleka kwenye injini. Balbu ikawa nyekundu, uzi wake ukionekana waziwazi kama unywele wa moto. Alirudia mara mbili ili mzee aone: nyeupe, njano, nyekundu. Kwa hatua tatu alikuwa ameitembea njia yote ya kurudi na kuonyesha kila mahali ilipobomoka.

Alipochukua msasa, mzee alishika tangi kana kwamba analizuia.

"Mwanangu, rangi yangu."

"Nitakwangua duara la kipete tu. Likifungwa hulioni."

Akafungua bolti moja baada ya nyingine, bila kuilegeza injini yote kwa pamoja. Akakwangua sikio la fremu mpaka chuma kikang'aa, akakwangua alumini mpaka unga mweupe ukaisha. Alipofika kwenye waya wa kijani wa zamani, akauchuna ala karibu na kiti. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa na kijani cha chumvi upande mmoja na weusi kama masizi upande mwingine. Mzee akaugusa weusi ule kwa kidole akakaa kimya kidogo. Kwa misimu mingi alikuwa amebeba mifuko ya salfa juu ya kiti hicho, Newala na Tandahimba, kupambana na ubwiri unga wa mikorosho. Salfa huigeuza shaba kuwa nyeusi. Vumbi lililookoa maua ya korosho lilikuwa likiingia taratibu kwenye nyaya za aliyelipeleka.

Waya ule ulikatwa. Mahali pake fundi aliweka mpya, mnene kuliko wa kwanza, wa kijani vilevile, kutoka kwenye bolti ya injini moja kwa moja hadi hasi ya betri, na tawi lake hadi kwenye bakuli la taa ya mbele, ili mkondo usitegemee fremu peke yake. Kila kipete alikibana kwa plaizi kisha akakitia risasi. Chini ya kila kichwa cha bolti aliweka washa yenye meno, yale meno yanayouma chuma kama ilivyouma skrubu ya dainamo. Akakaza. Ndipo akapaka grisi juu, baada ya kukaza, ili chumvi isipate pa kuingilia.

Kiki moja. Taa ikapiga ukuta wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, ikaonyesha nyufa za chokaa na mlango uliochongwa, na mtoto aliyekuwa ameketi kizingitini akaziba macho. Honi ilipolia, watu wawili waligeuka.

Kabla ya kurudisha kiti, fundi alichukua kalamu ya wino mzito akaandika mwezi na mwaka kwenye bati lililo chini yake, na mshale unaoelekea bolti iliyokwanguliwa. Mzee akavaa miwani, akainama, akasoma. Akauliza kama mvua za masika hazitaufuta mshale ule.

"Ukifutika uje," fundi alisema, akifuta mikono kwa kitambaa. "Tutafungua, tutakwangua, tutaandika mwingine."